Usimwambie Baba Yako

6 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na paa lako limeacha kuvuja. Sisi huku hatujambo kiasi. Matokeo ya mtihani bado hayajatoka, kwa hiyo nashinda karakanani na Baba, nasugua kutu kwenye sahani za mizani. Jirani yetu fundi viatu amepata mjukuu wa kike, na siku hizi anagonga misumari taratibu kama anayeomba radhi.

Ulisema nikuandikie kwa sababu kwenye simu nanong'ona na husikii kitu. Ni kweli, lakini si aibu peke yake. Karakana na chumba chetu vimetenganishwa na pazia, na Baba anaweza kusikia skrubu ikilegea akiwa upande wa pili. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema hapa ndani.

Ule umanjano wa macho yake si uchovu wa ini kama tulivyodhani. Wiki iliyopita walimpiga picha tumboni. Akiwa bado kitandani kule ndani, daktari alinitoa nje, tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Ni mama mfupi, anaongea polepole, na anachora anachosema. Alichora ini, halafu njia mbili za nyongo zinazotoka kwenye ini na kukutana. Pale zinapokutana akaweka alama ya msalaba. Alisema ni saratani. Alisema imeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, haiwezi kukatwa.

Wanachoweza kufanya ni kumpitishia mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi chini ya tumbo, na kupitia huo wanaingiza mrija mdogo kwenye njia iliyobanwa. Nyongo itapata pa kupita. Muwasho utaisha, macho yatarudi, atakula. Nilimuuliza kama atapona. Alisema hapana, mrija hautibu saratani, unamrudishia siku zake ziwe za kuishi na si za kujikuna.

Alitaka kumwambia Baba palepale. Nilimwomba asubiri nikuulize wewe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Alikubali, lakini hakupenda.

Shangazi, anajikuna kwa rula ya chuma. Tafadhali nijibu haraka.

Mwanao,
Kimya


20 Februari

Kwako Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Paa bado linavuja, nimeweka ndoo tatu na sasa nalala kama mtu aliye kazini. Kuku wangu mweupe ameanza kutagia juu ya kitanda, na nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mpe fundi viatu hongera zangu.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie baba yako. Mimi ninamjua kuliko daktari huyo mwenye kuchora. Babu yako alipoambiwa ukweli wa ugonjwa wake, aligeukia ukuta, na siku ya tisa tukamzika. Mdogo wangu ana moyo uleule. Mwambie ni ini limechoka, atulie, anywe maji.

Na huo mrija wasiuweke kwanza. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja, najua hospitali. Mgonjwa akishawekewa vitu vya kumpunguzia mateso, hakuna tena anayehangaika kumponya. Hapa kwetu yupo daktari mpasuaji mkubwa. Tuma nakala za zile picha, nimpelekee mwenyewe. Yeye atasema kama haikatwi.

Jambo jingine. Najua baba yako hujipima kila Jumatatu kwenye ile mizani ya magunia. Akiona kilo zinashuka atajua. Wewe umekulia katikati ya mizani, huhitaji mimi nikufundishe la kufanya.

Vumilia. Ukimya wako sasa ndio dawa.

Shangazi yako


5 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa mimi nina mafua. Matokeo yametoka. Nimefaulu, hisabati vizuri kuliko nilivyotarajia. Baba alikichukua kile kikaratasi akakibandika juu ya meza ya kazi, pembeni ya cheti chake cha ufundi, na mteja akija anaulizwa kwanza kama anajua kusoma.

Picha nilikutumia siku ileile nilipopata barua yako. Je, zilimfikia mpasuaji? Amesemaje?

Nimefanya ulilosema kuhusu mizani. Kwenye mkono wa mizani kuna kipande cha kutelezesha, na ndani yake kimejazwa madini ya risasi. Nilitoboa nikapunguza kidogo, kisha nikarekebisha sifuri ili ikiwa tupu isimame sawa. Baba ana kilo hamsini na nane. Mizani inamwambia sitini na mbili. Jumatatu alisimama juu yake, akasoma, akasema, "Ngozi imekuwa ya ndizi lakini mwili haujambo." Nilikwenda uani nikajifanya naanika matambara.

Shangazi, sijawahi kumdanganya Baba hata mara moja, na nimeanza na kitu anachokijua kuliko vyote.

Hali yenyewe si nzuri. Mkojo wake ni kama chai ya rangi. Amejichubua miguu mpaka shuka zina damu, nazifua kabla hajaziona. Anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Nilirudi kwa daktari peke yangu. Nilikaa kwenye foleni tangu asubuhi, na zamu yangu ilipofika sikuweza kufungua mdomo, akanipa maji. Amesema kila wiki tunayongoja ini linazidi kuumia. Pia amesema hawezi kuuweka mrija bila Baba mwenyewe kutia sahihi kwenye fomu, na hatakubali atie sahihi kwa jambo asilolijua.

Kwa hiyo nifanye nini? Wewe unasema nisimwambie. Daktari anasema bila kumwambia hakuna mrija. Katikati yuko Baba anajikuna.

Mwanao,
Kimya


18 Machi

Kwako Kimya wangu,

Marahaba, na hongera sana kwa matokeo. Nilimsomea jirani yangu mshonaji barua yako, ile sehemu ya matokeo tu. Akalia. Analia kwa kila kitu, lakini nilifurahi.

Kuhusu mpasuaji, mambo haya yanataka subira. Ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Kuhusu fomu, waambie waandike ni uchafu wa nyongo unasafishwa. Kuna ubaya gani? Baba yako ni fundi wa mizani, si wa matumbo. Atatia sahihi.

Ndoo sasa ni nne.

Shangazi yako


9 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umepata mtu wa paa.

Baba anajua. Nakuandikia yote kama yalivyotokea, hata yale yanayonipa aibu, kwa sababu sitaki tena kuficha kitu.

Unajua kawaida yake. Anapokwenda kurekebisha mizani dukani hubeba mawe yake ya kupimia, yale ya kilo ishirini ishirini. Safari hii mikono haikuwa na nguvu ya kuyabeba, na mimi nilikuwa hospitalini kwenye foleni. Basi akajaza gunia mchanga, akalipima kwenye mizani yetu ya magunia, likasoma kilo hamsini kamili, akaandika hamsini kwa chaki. Mwenye mkokoteni akalizungusha maduka matatu, na Baba akapanga mizani zote tatu kulingana na gunia hilo.

Gunia halikuwa na kilo hamsini. Lilikosa tatu na zaidi. Kwa hiyo maduka matatu yakaanza kuwapunja watu, na hakuna aliyejua.

Siku ya nne akaja mama muuza unga. Yeye hununua gunia kwenye duka moja kati ya yale, na amelibeba gunia la uzito uleule miaka kumi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema mgongo wake unamwambia kilo zimepungua na mgongo wake haujawahi kuharibika. Baba alicheka. Halafu akaacha kucheka. Alichukua mawe yake mawili, akayaburuta kwa mguu mpaka juu ya mizani yetu. Arobaini ikasoma karibu arobaini na tatu. Akakifungua kile kipande cha kutelezesha, akaona nilipotoboa.

Aliniita kwa jina langu lote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nilikuwa nimeshajua.

Alisema, "Kazi hii imefanywa na mtu niliyemfundisha mimi. Sifuri imerudishwa vizuri sana. Sasa niambie kwa nini."

Nikamwambia. Sikunong'ona, Shangazi. Nilimwambia alama ya msalaba, mshipa, neno lenyewe, mrija, wewe, mpasuaji, kila kitu. Alikuwa amekishika kile kipande cha risasi kama yai. Nilipomaliza alikiweka mezani taratibu. Nilidhani atageukia ukuta kama ulivyosema. Akasema, "Tuanze na maduka."

Tulizunguka siku ileile, mimi nasukuma mkokoteni wa mawe, yeye anatembea mbele akijikuna. Kila duka aliomba radhi. Alisema mizani yake ilidanganya, hakusema nani aliyeidanganya. Mwenye duka la pili alimkasirikia, akasema fundi wa manjano hata mikono yake haiaminiki. Baba alimwacha amalize, akapanga mizani upya, akaondoka. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Kesho yake alikwenda kwa daktari akiwa na maswali kwenye karatasi, tisa. Mrija unafunguka vipi ndani? Unaziba na nini? Utajuaje umeziba? Daktari alisema hajawahi kuulizwa hivyo na mtu mwenye muwasho. Baba alitia sahihi mwenyewe. Hakula tangu asubuhi, wakamlaza, wakampa dawa ya kumsinziza, na kuuweka mrija kulichukua chini ya saa moja. Nilikaa kwenye lile benchi.

Sasa ni siku ya tisa. Mkojo umekuwa mweupe. Muwasho ulikwisha siku ya sita, asubuhi, aliniambia kama anayesimulia habari ya redio. Macho bado yana umanjano kidogo pembeni. Jana alimaliza sahani.

Miezi miwili alijikuna, Shangazi. Miezi miwili kwa kitu cha saa moja. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa adabu na nimeshindwa.

Mwanao,
Kimya


27 Aprili

Kwako Kimya,

Barua yako nimeisoma mara moja tu.

Nilikuomba jambo moja. Wewe msichana ambaye ukitumwa dukani unarudi bila chumvi kwa kuona aibu ya kuomba, siku hiyo tu ndiyo ulipata mdomo. Umemtwisha mdogo wangu mzigo ambao mimi nilikuwa naubeba kwa niaba yake. Sijui kama umefikiri.

Lakini unasema umanjano umeondoka na anakula. Basi unaona. Mwili wake una nguvu. Mtu wa kufa hamalizi sahani. Huu sasa ndio wakati wa kuuliza tena habari ya upasuaji, kabla hawajazoea kumtazama kama mtu wa mrija. Nitafuatilia huku. Msiende popote mpaka mpate barua yangu.

Kuku mweupe ameangua, sita.

Shangazi yako


16 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa vifaranga. Mjukuu wa fundi viatu ameanza kucheka, na fundi amerudi kugonga kama zamani, anasema mtoto anapenda.

Baba anafanya kazi hadi mchana, halafu analala. Amerudisha risasi kwenye mizani. Alinifanya niirudishe mimi, akasimama nyuma yangu. Jumatatu hujipima, anaandika kwenye daftari. Hamsini na tisa.

Nisamehe kama nilikosa adabu. Lakini naomba unielewe na wewe. Hakupona. Mrija umefungua njia tu, msalaba uko palepale. Kila mtu anayemwona anasema amepona, hata mwenye mkokoteni, na Baba anachoka kuwaeleza. Daktari amesema siku hizi ndizo nzuri, na huu mrija ni wa plastiki, baada ya miezi mitatu hivi unaweza kuziba. Akipata homa na kutetemeka, tumpeleke siku hiyohiyo.

Nilimuuliza anataka nini. Nilidhani atasema chakula fulani. Alisema anataka dada yake aje sasa, wakati anaweza kukaa kitini na kubishana. "Mwambie aje yeye. Asilete mpasuaji."

Njoo, Shangazi. Nitakulalisha kitandani kwangu, hapavuji.

Mwanao,
Kimya


21 Julai

Kwako Shangazi,

Shikamoo.

Hujajibu miezi miwili. Niliandika tena mwezi wa sita, najua ilifika kwa sababu mshonaji wako alinijibu kwenye simu kwamba u mzima na unasuka mikeka. Baba akapiga mara mbili. Mara zote mbili ukasema mtandao mbaya, na alikuwa anakusikia vizuri kabisa. Aliweka simu chini akasema, "Mtandao wa dada yangu una hofu."

Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi alianza kutetemeka, meno yanagongana, akashindwa kushika kikombe. Macho yamerudi manjano. Nilikumbuka barua yako ya mwezi wa nne, kwamba tusiende popote mpaka tupate barua yako. Sikuingoja. Fundi viatu alitafuta gari. Niliingia kwa daktari bila kukaa foleni, nikasema kwa sauti mbele ya watu wote kwamba mrija umeziba. Watu walinigeukia. Sikujali.

Walimpa dawa kupitia mshipa, na juzi wakautoa ule wa plastiki, wakaweka wa waya wa chuma uliosukwa. Daktari amesema huu unakaa muda mrefu zaidi. Pia amesema, na Baba alikuwa anasikia, kwamba sasa uvimbe unakimbia kuliko mrija. Baba aliuliza ni miezi au ni wiki. Alijibiwa ni miezi michache, asiitegemee yote.

Amerudi nyumbani. Hana nguvu za karakana. Mizani za wateja nazirekebisha mimi, yeye ananielekeza akiwa kitandani, pazia tumelifungua.

Sitakuomba tena uje. Nakueleza tu kwamba muda ulionunuliwa kwa mrija wa kwanza umekwisha, na wewe hukuutumia.

Mwanao


4 Agosti

Kwako Kimya wangu,

Mjulie hali mdogo wangu.

Nimekaa na kalamu siku mbili. Mimi nimezoea kuwaambia watu sukuma, pumua, tulia. Haya mengine sikuyazoea.

Mpasuaji alinijibu zamani. Alinijibu siku ileile nilipompelekea picha, kabla ya barua yangu ya mwezi wa tatu. Alizitazama dirishani, hata hakukaa. Alisema asingeweza kukata, na kwamba kama mgonjwa angekuwa ndugu yake angetaka mrija uwekwe wiki hiyo. Nilizikunja picha nikaziweka chini ya godoro. Nilijiambia nitatafuta mwingine. Sikutafuta. Kila siku ambayo sikukuandikia ilikuwa siku ambayo jibu halijatoka.

Nilisema babu yako aligeukia ukuta. Ni kweli. Lakini sikukuambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa kitanda, na sikuzunguka. Siku tisa. Niliogopa uso wake. Na sasa naogopa wa huyu, niliyemfundisha kutembea.

Miezi miwili ile ya kujikuna iko juu yangu, si juu yako. Usiibebe.

Nimepata kiti kwenye basi la Alhamisi, tarehe kumi na nane. Vifaranga nimemwachia mshonaji, amelia. Kama baba yako hataki kuniona, niandikie nisije. Nitaelewa.

Shangazi yako


11 Agosti

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Tunashukuru tumeipata barua. Natumaini hii itakukuta kabla hujaondoka.

Nilimsomea Baba yote, sikuruka mstari. Nilipofika kwenye ile habari ya picha chini ya godoro alifumba macho, nikadhani amelala. Halafu akaniambia nisome tena pale pa siku tisa. Nikasoma. Jioni alisema, "Wakati ule alikuwa na miaka ishirini tu. Mwambie asipitwe na basi."

Mimi bado nina hasira. Nakuambia ili usije ukaiona usoni kwangu ukadhani ni aibu. Nitakupokea kituoni, nitakubebea mzigo, na nitakuwa na hasira. Labda itapungua tukishakaa pamoja, sijui.

Basi linafika saa sita mchana. Kutoka kituoni ni mwendo wa dakika kumi. Nimemgeuzia kitanda, sasa kinatazama mlango, kwa hiyo atakuona kabla hujavua viatu. Amekonda kuliko unavyofikiri. Tumbo limejaa, mikono imebaki mifupa. Macho si manjano, hilo mrija umelifanya.

Usije na maneno uliyoyapanga kwenye basi. Ataanza na utani, atasema umezeeka. Mwache. Kisha atakuuliza yeye anaonekanaje. Huwauliza wote wanaoingia, na wote wanamwambia anaendelea vizuri huku wanatazama dirisha.

Akikuuliza, Shangazi, mtazame yeye, umjibu.

Mwanao,
Kimya